Sabini na Sita za Faustina

Mimi siuzi maksi. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mbili, kwanza Iringa, sasa Mbeya, na miaka kumi na moja kati ya hiyo nimeitwa kusahihisha mitihani ya taifa, tunafungiwa kwenye shule moja wiki tatu na kalamu nyekundu. Muulize yeyote aliyepita mikononi mwangu. Atakwambia ukimwomba Mwalimu Sedekia nusu maksi, anakupunguzia nzima. Nilikuwa natembea kifua mbele kwa sifa hiyo. Sasa naona aibu hata kuitaja, lakini nisipoitaja hutaelewa nilivyommaliza Faustina.

Hajafa. Yupo Kihesa, pale Iringa mjini, anapika, anafua, Jumapili anakwenda kanisani. Ila kitu alichokifanyia kazi miaka sita kimezikwa, na mimi ndiye niliyekizika.

Nianze na habari ya gemu, maana watu hushangaa mtu wa umri wangu kushika pedi ya kuchezea. Ilianza kwa ubabe. Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu wa nidhamu, na wanafunzi wangu walikuwa wakitoroka vipindi wanakwenda kujazana kwenye banda la gemu Mwanjelwa. Siku moja nikawafuata na fimbo. Kuniona tu, wakatawanyika, mmoja akapitia dirishani na kuacha kiatu. Tukabaki mimi na mwenye banda, luninga inawaka, mpira umesimama dakika ya sabini. Mwenye banda, mtu wa mizaha sana, akanisogezea pedi. "Ticha, malizia tu, wameshalipia hawa." Nikakaa. Nilifungwa matano. Nikasema haiwezekani, mtu na digrii yangu nifungwe na mashine! Kesho yake nikarudi bila fimbo.

Nilipokuja kununua konsoli yangu mwenyewe, ile mashine ya gemu, mke wangu Tusekile alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Gloria," akasema, "umewachapa watoto wa watu miaka yote hiyo, kumbe ulikuwa unawaonea wivu!"

Kuandika kulitokana na hasira. Gemu moja mpya bei yake ni mfuko wa mbolea na chenji hairudi, na wenye mabanda walikuwa wananunua takataka kwa sababu ya picha ya kwenye kava. Nikafungua ukurasa mtandaoni, nikauita Maksi za Mwalimu. Nacheza gemu mpaka mwisho, naandika uhakiki kwa Kiswahili, halafu naipa maksi juu ya mia kama karatasi ya mtihani: picha maksi ishirini na tano, sauti ishirini na tano, hadithi ishirini na tano, uchezaji ishirini na tano. Na madaraja ni yaleyale ya kidato cha nne. Sabini na tano kwenda juu ni A. Sitini na tano ni B. Arobaini na tano, C. Thelathini umepona na D yako. Chini ya hapo ni F, ukajipange upya. Wenye mabanda kuanzia Tunduma mpaka Makambako walikuwa hawanunui gemu kabla Mwalimu hajasahihisha. Na A nilikuwa sigawi ovyo. Katika gemu mia moja na arobaini, A nilikuwa nimetoa tatu.

Miaka miwili iliyopita ikaja heshima kubwa. Kuna tovuti moja ya nje inayokusanya maksi za wahakiki wa gemu dunia nzima, inazijumlisha na kutoa wastani, na huo wastani ndio kila mtu anautazama. Niliwaandikia kuomba nafasi, wakanikubali. Mhakiki wa kwanza wa Kiswahili! Tusekile akachinja kuku. Kazi yangu ikawa kupeleka namba na kiungo cha uhakiki wangu, basi. Kiswahili chenyewe nani angekisoma huko? Walikuwa wanasoma namba.

Ndipo matusi yalipoanza. Gemu moja kubwa iliyosifiwa kila mahali niliipa sitini na nane, na nilikuwa nimeisifu kwa moyo wangu wote. Bwana wee! Watu wasionijua walinitukana kwa Kiingereza mpaka nikalazimika kutafuta maneno mengine kwenye kamusi. Mmoja akaniuliza kwa nini naichukia gemu hiyo. Naichukia? Nimekupa B unasema nakuchukia? Nikaenda kutazama wenzangu wametoa ngapi: tisini na mbili, tisini na tano, mmoja mia. Nikacheka kwa dharau. Nikamwambia Tusekile, hawa ni walimu legevu, wanagawa maksi kama njugu.

"Lakini baba," Tusekile akasema, "kama darasa zima linatumia rula moja na wewe una yako, si utavuruga vipimo?"

Nikamjibu kwamba rula yangu ndiyo ya haki. Nilimjibu kwa sauti ya juu, na yeye akarudi kuchambua mchele wake. Hilo nalo nalikumbuka kila siku.

Sasa Faustina. Nilimfundisha Iringa, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Mtoto wa Mgololo, kule Mufindi, mama yake Severina alikuwa akipanda miche kwenye misitu ya huko, amemlea peke yake. Binti mkimya, mwandiko mdogo mdogo, hesabu anazipenda mpaka anafanya na zile ambazo sijatoa. Akaenda chuo kusoma kompyuta, akafundisha kidogo, akaacha. Nikasikia anatengeneza gemu. Nikasema, aa, haya mambo ya vijana. Kumbe mwenzangu hafanyi mchezo. Miaka sita, yeye na Peter, kijana mwingine niliyemfundisha, ambaye ndiye aliyemchorea picha. Kampuni moja ya Ulaya ikaiona, ikampa mkataba, gemu ikatoka kwenye konsoli. Gemu ya mtu wa Mufindi, unainunua duniani kote! Siku jina lake lilipotokea kwenye duka la konsoli yangu nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Kampuni ilikuwa imenitumia nakala kabla haijatoka, ili niisahihishe.

Gemu inaitwa Ukungu. Wewe ni mtoto, umetumwa, na ukungu wa Mgololo umeshuka. Huoni hata mikono yako. Kioo kizima cheupe. Unachofanya ni kusikiliza, maana mama yako yuko mahali anakuita, na unafuata sauti. Kuna maporomoko, kuna mto, kuna magogo, na mama anakuita kwa Kihehe, anakugombeza, anakubembeleza, wakati mwingine anaimba, wakati mwingine ananyamaza na hapo ndipo moyo unakudunda. Ukikosea njia anakusalimu "Kamwene" taratibu kama vile ndiyo kwanza mnakutana asubuhi, na unaanza upya. Sauti ile ni ya Severina mwenyewe. Faustina alimrekodi karibu mwaka mzima, jikoni, shambani, hata hospitali, mpaka alipofariki. Mimi si mtu wa kulia. Kule mwisho, sauti inapokuwa karibu kabisa na bado huoni mtu, niliweka pedi chini nikalia kama mtoto, na Tusekile akaja kunishika bega bila mzaha wowote.

Nilicheza mara mbili kutoka mwanzo. Kisha nikachukua daftari langu na kusahihisha. Maksi za wengine sikuzitazama. Ndivyo tunavyofundishwa kwenye usahihishaji, hutazami mwenzako ametoa ngapi, maana jicho lako litamfuata. Makosa niliyoyaona ni haya: maandishi ya mwanzo madogo mno, maksi mbili, pale kwenye daraja picha inakwamakwama, maksi moja, na mto umerudiwa mara nyingi, maksi mbili. Basi. Lakini mtu hapewi tisini na tano, sijawahi kumpa mtu tisini na tano. Mkono wenyewe haujui kuandika namba hiyo. Nikaandika sabini na saba. Ilikuwa ndiyo maksi kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa.

Nikaitazama ile sabini na saba. Nikawaza, watu watasema nini? Watasema huyu ni mwanafunzi wake, anampendelea. Mwalimu Sedekia naye anauza maksi siku hizi! Nikafuta ile saba ya pili, nikaandika sita. Bado ni A, nikajiambia, na hakuna atakayenyoosha kidole. Katika uhakiki nikaandika kwamba hii ndiyo gemu bora kuliko zote nilizowahi kucheza, na kwamba najivunia kuwahi kusimama mbele ya darasa alilokaa aliyeitengeneza. Nikatuma namba. Nikalala usingizi mzuri.

Siku ya tatu Peter akanipigia simu.

"Ticha, shikamoo. Umetuua, Ticha."

"Marahaba. Nimewaua vipi?"

"Sabini na sita! Ticha, sisi tulikukosea nini?"

Nikawaka. Nikamwambia sabini na sita ni A, akasome uhakiki, watu gani wasio na shukrani hawa? Peter akaanza kunieleza polepole, kama mimi nilivyokuwa nikimweleza yeye sehemu na desimali. Mkataba wao na kampuni ulikuwa na sharti. Baada ya siku kumi na nne wastani wa wahakiki uwe themanini. Ukifika themanini, kampuni inaendelea na gemu, inaitangaza, na Faustina anatengeneza ya pili. Usipofika, gemu inaondolewa dukani. Na kwa kuwa kampuni ndiyo iliyogharamia kuiingiza kwenye konsoli, haki zote zinabaki kwao. Gemu, picha, jina, na sauti. Faustina haruhusiwi kuitoa tena popote.

"Sauti ya mama yake?" nikauliza.

"Sauti zote, Ticha. Imeandikwa hivyo."

Nikamwuliza wengine walitoa ngapi. Akanitajia, na mimi nikaandika kwenye ukingo wa gazeti lililokuwa mezani. Themanini na nne. Sabini na nane. Themanini. Themanini na mbili. Sabini na saba. Sabini na tisa. Watu sita, jumla mia nne themanini. Gawanya kwa sita, themanini kamili. Ongeza sabini na sita yangu, mia tano hamsini na sita, gawanya kwa saba. Sabini na tisa nukta nne. Ile tovuti inakadiria namba kamili, kwa hiyo sabini na tisa.

Ningewapa sabini na saba, ingekuwa sabini na tisa nukta tano saba. Inakadiriwa juu. Themanini. Hesabu hiyo niliifanya mara nne, mimi mwalimu wa hesabu, kama vile nikirudia itabadilika.

Sikusubiri chai. Nikawaandikia wale wa tovuti, nikasema nimekosea, naomba nibadilishe maksi yangu iwe tisini na tano. Jibu likaja siku hiyohiyo. Maksi ikishaingia haibadilishwi, walisema, maana tukiruhusu hivyo, wenye gemu watawasumbua wahakiki mpaka wabadilishe. Nikasoma mara mbili. Jamani, hata mimi ningejibu hivyohivyo! Nimewajibu wazazi wangapi maneno hayohayo, wamesimama mlangoni pangu na kofia mkononi. Nikaiandikia na kampuni, nikawaeleza madaraja yetu, nikawaambatishia waraka wa madaraja, A ni sabini na tano, someni wenyewe. Dada mmoja akanijibu kwa adabu sana kwamba ameelewa, anasikitika, na mkataba unasema wastani, hausemi daraja. Siku ya kumi na nne ikapita. Siku ya kumi na tano nikaitafuta Ukungu dukani, haikuwepo.

Nikapanda basi kwenda Iringa. Pale Chimala abiria wenzangu wakashuka kununua mchele, mimi nikabaki kwenye kiti nikipanga maneno, na kila nikiyapanga yanamwagika.

Faustina alinifungulia mlango mwenyewe. "Shikamoo, Mwalimu. Karibu ndani." Akanipokea mkoba, akaniwekea kiti kizuri, akaniletea chai na viazi vya kuchemsha. Alikuwa amekonda. Mezani kompyuta yake imefunikwa na kitambaa, kama watu wanavyofunika cherehani ya marehemu. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Akaniuliza habari za mama Gloria, habari za shule, habari za mvua huko Mbeya, na mimi nikajibu nzuri, nzuri, nzuri.

Mwishowe nikashindwa. "Faustina, kwa nini hukuniambia kuna hiyo themanini? Neno moja tu, mwanangu!"

"Ningekuambiaje, Mwalimu? Ingekuwa nakuomba maksi."

Mbele ya macho yake, akiwa kidato cha pili, nilimsimamisha mwenzake ubaoni kipindi kizima kwa kosa hilohilo.

Akatazama chini kidogo, kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi anayetaka kujifunza kweli, "Mwalimu, kwani nilikosea wapi?"

Nikatoa daftari mkobani. Nikamsomea: maandishi, mbili. Daraja, moja. Mto, mbili.

"Tano," akasema. "Ni kweli, lile daraja lilinishinda. Na zile kumi na tisa?"

"Hakuna kosa la kumi na tisa."

"Sasa zilienda wapi?"

"Sikuzitoa tu," nikasema. "Sijawahi kuzitoa kwa mtu. Faustina, mwanzoni nilikuwa nimekupa sabini na saba. Nikafuta moja."

Akaijua hesabu papo hapo, nilimwona. Midomo yake ilitikisika ikitafuta namba, ikatulia. "Ulifuta kwa nini?"

"Wasije wakasema nakupendelea."

"Nani aseme, Mwalimu?"

Nikafungua mdomo nimtaje mtu. Nani? Wenye mabanda? Wale wa nje wasiojua hata Faustina ni nani wangu? Nilitafuta hata jina moja nikakosa. Hapakuwa na mtu yeyote. Nilikaa kwenye kile kiti kizuri nikalia, na nikamwambia mwanangu nisamehe, nisamehe, maneno ambayo katika miaka ishirini na mbili sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja.

Aliniacha nilie. Aliponiona nimetulia akasema, taratibu, akitazama kile kitambaa juu ya kompyuta, "Kampuni yenyewe ilitaka wahakiki sita. Walisema sita wanatosha. Mimi ndiye niliyewaandikia kwamba kuna wa saba, yuko Mbeya. Wakasema hawamjui. Nikawaambia lazima awemo."

"Kwa nini, Faustina?" nikauliza. "Kwa nini mimi?"

"Kidato cha nne, mtihani wa mwisho wa muhula, ulinipa sabini na nne. Mama alisema mwalimu huyo siku akikupa A, ujue umefika. Basi nikataka A yako. Hao wengine sikuwa na shida nao."

Nje kuna mtu alipita anauza nyanya za Ruaha Mbuyuni, anazitangaza, tukamsikiliza mpaka akamaliza mtaa.

"Kuanzia sabini na tano ni A, si ndiyo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Asante, Mwalimu."

Nilimtazama usoni nitafute kejeli. Nilikuwa naiomba ile kejeli kwa Mungu. Haikuwepo. Aliinuka, akatoa kikombe changu, akanifungia viazi vilivyobaki kwenye mfuko nile njiani, kisha akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amenibebea mkoba, kama mwanafunzi anavyombebea mwalimu wake, na alisimama pale mpaka gari likaondoka.